Sauti ya Pili ya Marsiana

Nimeandika wasifu wa marehemu zaidi ya mia nne, na wote walikuwa mtu mmoja. Wote walizaliwa katika familia ya kumcha Mungu, wote walikuwa wacheshi, wakarimu na wapenda watu, na wote waliugua kwa muda mfupi kabla Bwana hajawatwaa. Hata yule mzee wa Chanji aliyekuwa akiwafungulia wageni mbwa nilimwandika mkarimu, na mimi mwenyewe nilishang'atwa na mbwa wake. Katika kompyuta ya steshenari yangu, hapa Majengo, nina faili moja tu linaloitwa MAREHEMU. Ndugu wakija na macho mekundu nabadilisha jina, tarehe na idadi ya wajukuu, nachapa, wanakwenda kuzika. Sikuona ubaya wake. Mtu aliyefiwa hataki ufundi wa maneno, anataka karatasi kabla jeneza halijafika kanisani.

Marsiana alikuja Alhamisi moja ya mwezi wa tatu, asubuhi, mvua ikiwa imetoka kukatika. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini na kitu, mrefu, mkavu, amefunga kitenge juu ya sweta la kiume na amevaa mabuti ya mpira yenye udongo mwekundu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Alikuwa anasoma tangazo langu ukutani, lile lenye orodha ya kazi ninazofanya.

"Nataka wasifu wa marehemu," akasema.

"Pole sana, mama. Marehemu ni nani?"

"Mimi."

Nilicheka. Yeye hakucheka, nami nikaona kicheko changu kimekaa vibaya pale dukani. Mimi ni mtu wa Tukuyu. Nina miaka kumi na tisa hapa Sumbawanga na bado naitwa wa kuja, lakini kuna jambo ambalo watu wa kwetu na Wafipa hawabishani: mtu haandikwi amefariki akiwa bado anavuta pumzi. Nikamwambia sifanyi kazi hiyo. Akasema, "Haya," akakaa kwenye benchi karibu na mashine ya fotokopi. Alikaa hadi saa sita mchana. Wateja waliingia na kutoka, wengine walipomwona waligeuza mlangoni kana kwamba wamesahau kitu nyumbani. Mwishowe nikawasha kompyuta, nikafungua faili langu, nikabandika jina lake na kumsomea.

"Huyo ni nani?" akauliza nilipomaliza.

"Ni wewe, mama."

"Mimi sijawahi kuwa mcheshi hata siku moja. Futa." Alisogeza benchi karibu. "Sikia, mwandishi. Ukinizika kwa maneno ya mtu mwingine, utakuwa umemzika huyo mwingine. Mimi nitabaki wapi?"

Niliwafikiria wale mia nne, nikajiuliza wamebaki wapi. Kisha nikafungua ukurasa mweupe, kwa mara ya kwanza tangu ninunue ile kompyuta, na nilikuwa na hasira naye kwa sababu sikujua nianzie wapi.

"Andika," akasema. "Alikuwa mkali. Hakupenda kutembelewa."

Ndivyo tulivyoanza. Kila Alhamisi alikuja kwa miguu kutoka Pito, anatoa maneno kidogo, anaondoka. Hakuwa mgonjwa. Nilipomuuliza haraka ya nini, alijibu kwamba akishakufa wataandika wao, na yeye anawajua. Niliandika kwamba aliolewa na Beda, kwamba hawakujaliwa mtoto, kwamba Beda alifariki mwaka 2003, na kwamba wakwe walipotaka arithiwe na shemeji yake alikataa mbele ya wote. Kisha akanisimulia habari ya pombe.

Wafipa wana namna yao ya kulima ambayo sisi watu wa migombani hatuna. Mvua zikielekea mwisho, nyasi zikiwa ndefu, wanazikata na kuzifunika kwa udongo, wanapata matuta ya duara wanayoyaita intumba. Nyasi zinaoza humo ndani, na msimu unaofuata matuta yanatawanywa, ardhi inakuwa imeshiba. Ni kazi ya kuvunja kiuno, kwa hiyo mtu hapigi intumba peke yake. Unapika pombe ya ulezi, unawaita majirani, wanalima wanakunywa, na kesho nawe unakwenda kwao. Mwaka ule wa ujane wake Marsiana alipika pombe, akaita watu. Hakuja hata mmoja. Wakwe walikuwa wamepita nyumba kwa nyumba wakiwakataza watu. Alikaa na mtungi wake hadi saa tisa alasiri, akaumwaga wote shimoni, akachukua jembe, akapiga tuta moja. Kesho yake mawili. Alipofika ishirini kwa siku akabaki hapo, na hakuita mtu tena wala kuitwa.

"Andika," akasema, "kwamba shamba lile halijawahi kuguswa na jembe la mwingine."

Niliandika. Lakini mimi ni mtu wa kusikiliza majirani, na jirani yangu wa karibu ni Stumai, mama lishe mwenye asili ya Kirando kule ziwani, ambaye habari za mji huu zikimpita basi hazikuwepo. Siku moja alisubiri Marsiana aondoke, akaja na kikombe cha chai.

"Kaka Nsajigwa, unajua unamwandikia nani?"

"Mteja."

"Yule mama ana misukule. Ekari nzima mwanamke mmoja anaimaliza siku ile ile wanayomaliza watu wa vikundi, we uliwahi kuona? Anafufua wafu wa watu wanamlimia. Asubuhi kwenye ukungu wanasikika wanaongea. Na mmoja wanamjua. Ni Maganga, kijana wa mama Bertilla, yule aliyeugua siku mbili tu akafa. Mwaka wa nne huu. Mama yake anamsikia kila siku."

Nilimwambia aache upuuzi, na chai ikanishinda kunywa. Kilichoniuma zaidi, niseme ukweli, ni ile sentensi ya jembe la mwingine. Nilikuwa nimezoea kuandika uongo ambao kila mtu anaujua. Huu, kama ulikuwa uongo, ulikuwa wa aina nyingine kabisa. Nikapiga moyo konde, Jumanne alfajiri nikakodi bodaboda hadi Pito, nikashuka mbali, nikatembea.

Ukungu wa Ufipa hauji kutoka juu, unatoka ardhini. Kule hakuna miti ya kukuonyesha ulipo, ni nyasi na anga tu, na siku ile hata hivyo viwili havikuonekana. Nilifuata ukingo wa njia mpaka nikaona matuta. Yalikuwa mistari kwa mistari, ya duara, yote sawa, na kwa mwanga ule yalikuwa migongo ya watu walioinama. Nilisimama nikiwa nayaangalia, na nilikuwa na hakika kwamba nikigeuza macho yatasimama.

Ndipo nikasikia jembe. Likafuata jambo nililokuwa nikiomba nisilisikie.

"Nimechoka," ilisema sauti nyembamba ya mwanamke. "Mgongo huu leo haunitaki."

"Bado nane," ikajibu sauti nyingine, nzito, ya chini, iliyotulia kabisa.

"Nane nyingi."

"Basi tisa."

Jembe likaendelea. Lilikuwa jembe moja. Hilo nalikumbuka sasa. Wakati ule sikuwa na hesabu yoyote kichwani, ilikuwa mguu niponye. Nilikimbia kwenye tope kama mwizi, kiatu changu cha kushoto kikabaki huko, sikurudi kukitafuta. Nilifika Majengo nikiwa peku mguu mmoja, na kabla sijafungua duka nilikuwa nimeshamsimulia Stumai kila kitu. Kufika Jumatano jioni, Pito nzima ilikuwa inasema kwamba hata mwandishi wa Majengo, mtu msomi, mtu wa kuja asiye na ugomvi na yeyote, amewasikia kwa masikio yake.

Alhamisi Marsiana aliingia kwa wakati wake, akaweka kiatu changu juu ya kaunta. Kilikuwa kimeoshwa.

"Ulisahau hiki," akasema.

Nilitaka ardhi inimeze. "Mama, siku ile ulikuwa na nani?"

"Na mimi."

"Nilisikia wawili."

"Tuko wawili." Alisema hivyo kama mtu anayetaja idadi ya kuku wake. "Mmoja anachoka, mwingine anakataa. Beda alipokufa nilibaki na huyu anayechoka tu. Jioni ile nilipomwaga pombe, nilikaa chini nikasema, sasa ndiyo nimekwisha. Yule mwingine akanijibu. Akasema, bado. Toka hapo hajawahi kuniacha nifike nyumbani na matuta kumi na tisa."

"Na sauti ile ni ya nani?"

"Yangu. Ya nani tena? Imetoka kwenye koo hili hili." Akanitazama. "Wewe huna mwingine? Anayekukataza?"

Mimi yule wa kunikataza ni watu, nao walikuwa hawajawahi kunikataza jambo lolote la kipuuzi. Sikumwambia kwamba ni mimi niliyepeleka maneno. Nadhani alijua.

Wiki ile ile Herman, mwenyekiti wa mtaa wake, alikuja dukani kwangu kuchapa tangazo la mkutano. Herman si mtu mbaya. Ni mtu anayetaka siku iishe bila kelele. Alinieleza kwa sauti ya chini kwamba vijana wanachanga kumleta kamchape, mganga wa kufichua wachawi, na kwamba huyo akifika hakuna mwenyekiti atakayezuia nyumba kuchomwa moto na mtu akiwa ndani. Alikuwa amepata njia. Marsiana apike pombe, mtaa mzima ulime naye siku moja tu. Wakiingia watu wengi kila kona ya shamba, watajionea wenyewe kwamba hakuna aliyefichwa, na maneno yataisha.

"Mwambie wewe," akasema Herman. "Mimi ananifungia mlango."

Nilimwambia alipokuja Alhamisi. Nilimwomba karibu kupiga magoti. "Mama, mtungi mmoja. Siku moja. Utakuwa hai."

"Nikipika hiyo pombe," akasema, "huu wasifu unakuwa uongo kuanzia mstari wa sita. Wakilima siku moja watasema walilima miaka yote, na mimi nitakuwa nimewapa."

"Watakuua, mama!"

"Basi utakuwa tayari umeshachapa."

Nilimkasirikia hadi machozi yakanitoka. Ukaidi wa namna ile unaudhi kuutazama ukiwa mtu mwoga. Akanitaka nimpe nakala moja, akaikunja, akaitia kwenye sweta.

Mkutano ulikuwa Jumapili baada ya misa, mchana kweupe, na upepo ulikuwa mkali kiasi kwamba watu walishikilia kofia. Herman aliniita mimi kwanza. Nilisimama mbele ya watu kama mia mbili, nikasema nilichosikia: sauti mbili, moja nyembamba, moja nzito. Akaniuliza kama niliona mtu wa pili. Ningeweza kusema sikuona. Ningeweza kusema jembe lilikuwa moja. Nilisema tu kwamba nilikimbia, na watu wakaguna, nami nikakaa chini nikijidharau.

Marsiana hakungoja kuitwa. Alikwenda katikati, akakunjua karatasi, akaanza kusoma.

"Marehemu Marsiana," alisoma, "alikuwa mkali na hakupenda kutembelewa."

Tumezoea maneno yale yasomwe juu ya jeneza, na mwenyewe akiwa kimya ndani. Hapa mwenyewe alikuwa amesimama, upepo unampiga kitenge, anasoma habari zake kama mtu aliyerudi kuzisahihisha. Wanawake waliwavuta watoto nyuma. Mzee mmoja alifanya ishara ya msalaba. Alisoma habari za Beda, za mtungi, na majina ya wakwe waliopita nyumba kwa nyumba, na baadhi yao walikuwa wamesimama pale wakitazama viatu vyao. Alisoma kuhusu wale wawili, anayechoka na anayekataa. Alipomaliza akasema, "Huyo ndiye mimi. Hakuna mwingine shambani."

Kijana mmoja akapiga kelele kwamba mchawi hajawahi kukiri. Wengine wakaanza kusogea. Ndipo Bertilla akapita katikati yao. Alikuwa mama mfupi, mnene kidogo, mwenye uso wa upole. Alikwenda hadi mbele ya Marsiana.

"Dada," akasema, "mimi sitaki karatasi. Nataka mwanangu. Mtoe Maganga. Sitakushtaki, sitamwambia mtu. Hata kama hasemi, hata kama hanijui tena, nipe niende naye nyumbani."

Marsiana akaikunja karatasi. "Unamsikia lini?"

"Asubuhi, penye ukungu."

"Anasema nini?"

"Anasema bado. Bado nane, bado tano. Hajawahi kupenda kuhesabu, ila anahesabu."

Niliona kifua cha Marsiana kikipanda na kushuka. Alifumba macho. Kisha mdomo wake ukafunguka, na sauti ile ikatoka, nzito, ya chini, iliyotulia, mchana ule kweupe, kutoka kwa mwanamke yule mkavu aliyefumba macho.

"Bado tano."

Watu walirudi nyuma wote kwa pamoja, wengine wakaangukiana. Mimi nilikuwa najua, na bado nilirudi nao. Bertilla peke yake hakurudi nyuma. Alisogea, akapeleka sikio karibu kabisa na mdomo wa Marsiana, kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto aliyelala.

"Sema tena."

"Bado tano."

Bertilla alibaki vile vile, ameinamisha kichwa. Tulingoja.

"Siyo yeye," akasema.

Herman alishusha pumzi kwa kishindo. "Mmesikia wenyewe! Mama mzazi kasema! Ni sauti yake mwenyewe huyu, anaongea peke yake, hiyo siyo kesi!" Na watu, kwa ule wepesi wa watu walioponea kufanya jambo baya, wakaanza kucheka. Wengine walikuwa tayari wanasema hawakuamini tangu mwanzo. Marsiana alikuwa ameshinda. Asingechomwa, asingepika pombe, na hakuna mstari hata mmoja uliokuwa uongo.

Bertilla alikuwa bado amesimama.

"Miaka minne," akasema, siyo kwa sauti kubwa, lakini waliokuwa karibu tuliacha kucheka. "Miaka minne naamka kumpikia uji. Naweka kikombe mpakani mwa shamba lako, nakaa nyuma ya nyasi nasikiliza. Nikirudi mchana nakuta kitupu. Nilikuwa nasema, angalau anakula. Angalau yupo mahali."

Marsiana alisema hajawahi kuona kikombe chochote. Hakuna aliyeuliza basi uji ule ulikuwa ukinywewa na nani. Mimi sikutaka kujua, na hadi leo sitaki.

"Heri ungekuwa mchawi, dada," Bertilla akasema. "Ningekuwa bado naye."

Akageuka, akaenda zake. Walimwachia njia.

Alhamisi iliyofuata sikutegemea kumwona Marsiana, ila alikuja, saa ile ile. Alikaa kwenye benchi. Nikafungua ukurasa wake nikamwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba habari ya Bertilla tunaweza kuiacha, hakuna atakayejua, na wasifu ungeisha vizuri pale aliposhinda.

"Iandike," akasema. "Andika kwamba alisema kweli, na mama mmoja akafiwa mara ya pili. Ni yangu hiyo. Usinipunguzie."

Nikaandika. Alipoona nimefika mwisho wa sentensi hakuendelea, na nilipogeuka nilimkuta anatazama mikono yake. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Toka Jumapili namwita," akasema. Ilikuwa ile sauti nyembamba. "Shambani namwita, jikoni, njiani nikija hapa. Nasema nimechoka, kisha nangoja. Jana nilipiga matuta saba, nikaweka jembe begani, nikarudi nyumbani. Hakuna aliyenikataza."

Nilijikuta nami nasikiliza, nimeinamisha kichwa kama Bertilla, nikiomba ile sauti iliyonikimbiza kwenye tope iseme hata neno moja. Haikusema.

"Niandike nini, mama?" nikauliza.

"Andika kwamba kuanzia Jumapili ile," akasema Marsiana, "alilima peke yake."